Nilikalia Kitanda cha Jirani Nikakiita Changu

Nimekosa. Sitazunguka. Nilisema uongo, uongo huo ukapigwa picha, picha ikapewa tuzo, ikatundikwa ukutani katikati ya Kampala, na watu wazima wakasimama mbele yake wakisikitika.

Jina langu siandiki. Wanangu wanausoma ukurasa huu, na msikitini Kibuli wananijua. Jueni tu kwamba ni bibi wa wajukuu tisa, shule niliishia darasa la nne, na Kiswahili changu nilikipata Naguru, kwenye nyumba za polisi, ambako baba yangu alikuwa konstebo. Nimewafokea watu wengi maishani mwangu kwa sababu ya uongo. Wajukuu nimewachapa kwa ajili hiyo. Sasa nisomeni mimi.

Ninakaa Kyebando, upande wa chini, karibu na kinamasi cha mafunjo. Mafunjo yenyewe yamebaki kidogo. Wenye nguvu walileta malori ya udongo mwekundu, wakajaza, wakajenga maghala. Maji yakakosa pa kukaa. Mvua ikinyesha saa moja tu, yanakuja kwetu.

Nyumba zetu ni vyumba vya mstari mmoja, na mstari unateremka. Changu ni cha pili kutoka chini, kimeinuka kidogo, maji yananigusa kizingiti na kurudi. Cha chini kabisa, tunachogawana ukuta, anakaa Mama Esperansi. Ni Mkongomani wa Bukavu, alikimbia vita na mumewe na mabinti wawili. Anatembeza vitenge, Kibuli, Naguru, popote miguu inapomfikisha. Asubuhi akitoka alikuwa ananiachia ufunguo, ili watoto wakitoka shule wapitie kwangu.

Huyu mama ana kitanda ambacho sijakiona kwingine. Maji yalipoingia mara ya kwanza waliweka matofali chini ya miguu ya kitanda, safu moja. Msimu uliofuata maji yakapanda, wakaongeza safu. Mume akaondoka kurudi Kongo kumtafuta mama yake mzazi, na mpaka leo hajasikika. Mama Esperansi akaendelea kupanga peke yake. Safu ya tano. Ya sita. Sasa ziko saba, na watoto wanapanda kulala kwa stuli.

Mimi nilimcheka. Nilimwambia mbele ya majirani, "Mama Esperansi, unalala juu kama kuku, iko siku utataga." Wakaangua kicheko. Yeye akajibu taratibu, "Kuku iko juu, mama. Maji iko chini."

Basi, siku moja baada ya mvua kubwa alikuja binti mwenye kamera. Nitamwita Sanyu, si jina lake. Mwaka mzima alikuwa akipita kwenye mifereji yetu na mabuti yake, anapiga picha za kinamasi na za watu wanaoishi na yale maji. Watu walimwambia kuna kitanda kirefu hapa. Akaja mlangoni kwangu, akapiga magoti kunisalimia kama watoto wa Buganda waliolelewa, akauliza, "Jjajja, hicho kitanda kiko wapi?" Jjajja kwao ndiyo bibi.

Ufunguo ninao. Nikafungua chumba cha mtu asiyekuwepo.

Ukutani kulikuwa na alama za maji, mstari juu ya mstari kama daftari. Sare za shule za wale mabinti zimetundikwa juu kabisa. Na kitanda kile, kimesimama. Binti akafunika mdomo kwa mkono. Kisha akauliza ni cha nani.

Nilitaka kuandika hapa kwamba shetani alinipitia. Hapana, nisimsingizie shetani. Ni mimi. Miaka thelathini nimesema habari ya maji kwenye mikutano ya kijiji, na hakuna aliyeandika neno langu hata moja. Leo amekuja mtu na kitabu na kalamu. Nikawaza, huyu Mkongomani ana miaka minne tu hapa, atasema nini? Watasema ni shida za wakimbizi, wamezoea. Maji haya ni yetu, yalitukuta sisi kwanza.

Nikasema, "Ni changu."

Akanitazama. "Jjajja, unalala hapa wewe?"

"Nalala na wajukuu."

Akauliza nilipata wapi akili hiyo. Nikamweleza yote, safu kwa safu, kama Mama Esperansi alivyonisimulia mimi tukichambua maharage, ila kila mahali penye jina lake nikaweka langu. Ya mume sikuyataja. Nikaongeza na kikohozi.

Nilitaka kwenda kuvaa gomesi, gauni langu la Idi. Alikataa. Alisema picha zake hapangi, nikae nilivyo. Yeye anasema hapangi, na mimi hapo nimeshampangia kila kitu! Nikapanda kwa stuli, nikakaa, miguu inaning'inia, akapiga.

Jioni nikarudisha ufunguo. Sikusema kitu.

Ikapita miezi, nikasahau. Kisha Sanyu akaja mbio, juu ya boda, hata kofia hakuvua. Picha yetu imepata tuzo, kwenye mashindano ya picha za watu na mazingira, na itaonyeshwa mjini pamoja na picha za nchi nyingine. Alinikumbatia.

Mama Esperansi alikuwa nje anakunja vitenge. Alisikia. Yeye ndiye aliyepiga vigelegele wa kwanza. Akasema lazima anisindikize, haiwezekani mama yetu aende huko peke yake.

Nilisema magoti yanauma. Akasema atanishika mkono. Nilisema labda mvua itanyesha. Akasema ana mwavuli.

Siku zile hadi maonyesho sikujua kutulia. Nachemsha chai, naiacha inapoa. Nafagia uwanja uliofagiwa. Nasimama mlangoni kwake nimwambie, nasikia anaimba ndani, narudi. Ningesema siku hiyo, kosa lingekuwa la wawili tu, yeye na mimi. Sikusema.

Tukaenda. Alinifunga kitenge kipya alichotoa kwenye mzigo wake wa kuuza. Ukumbini kulikuwa na picha za msitu ulioungua, mzee amesimama kwenye ziwa lililokauka likapasuka, watoto juu ya mlima wa takataka, mtu amembeba mbuzi mabegani katikati ya maji. Mama Esperansi alisimama mbele ya kila picha, akinong'ona "pole" kana kwamba wanamsikia. Mimi nilikuwa namvuta twende.

Yetu ilikuwa pana kama mlango. Sanyu mwenyewe alitupokea, akaonyesha maneno ya Kiingereza chini yake, akatufasiria kwa furaha: Jjajja amekipandisha kitanda chake kwa mikono yake, safu moja kila msimu.

Nilitazama sakafu.

Mama Esperansi hakupiga kelele. Ningeomba apige. Alisogea, akatazama sare za watoto wake pale ukutani, kisha akaweka kidole karibu na kioo, chini kabisa.

"Mama, hii mstari ya matofali ya chini ni baba Esperansi alipanga. Ulibaambia hawa watu?"

Sanyu alikuwa anaitwa na wageni, hakusikia vizuri. Aligeuka akaniuliza, "Anasemaje, Jjajja?"

Nikajibu, "Anasema picha ni nzuri."

Huo ndio uongo unaoniunguza zaidi. Wa kwanza niliusema mwenye kitanda hayupo. Huu niliusema amesimama, mkono wangu umo mkononi mwake. Aliuachia polepole, kama mtu anayeweka chini kikombe. Nikaitwa mbele kusema machache, nikasema, wakapiga makofi. Nilipomaliza hakuwepo.

Kesho yake nikarudi ukumbini. Na kesho kutwa. Na siku ya tatu. Nakaa, nasimama, natoka nje, naingia tena. Wanafunzi wanapita wanasema huyu bibi ni jasiri. Wengine wananitambua, wanataka kupiga picha nami. Askari wa mlangoni aliniuliza ninatafuta nini. Nikamwambia natafuta pa kukaa. Akasema, "Viti vyote hivi, bibi?"

Nyumbani ilikuwa mbaya zaidi. Ufunguo alianza kutembea nao. Mabinti wakitoka shule wanakaa kwenye ngazi ya mlango wao, juani, wanamngoja mama yao. Niliwaita waje wale. Yule mkubwa akasema, kwa adabu kabisa, "Asante, tumeshiba." Hawakuwa wameshiba. Ninawajua hao watoto.

Siku ya nne nilimfuata Sanyu pale ukumbini nikamwambia yote. Nilitegemea atanifokea, na nilijiandaa. Alikaa chini, sakafuni, pale pale chini ya picha.

"Jjajja, nilikuuliza mara mbili."

Kisha akanieleza jambo ambalo mimi kwa ujinga wangu sikuliona. Zile picha zote za kinamasi, kazi ya mwaka mzima, alikuwa azipeleke kwenye mkutano na hao wanaojaza udongo. Sasa ikijulikana moja ni ya uongo, nani ataamini nyingine? Nikamwambia basi tunyamaze, tunaojua ni watatu tu. Naam, hata hapo nilisema hivyo! Aliniangalia kwa namna ambayo mjukuu hajawahi kuniangalia. Siku ile ile aliwaandikia waliompa tuzo.

Wakaichukua tuzo. Picha ikashushwa. Wenye udongo wakafurahi sana, wakasambaza kwenye simu kwamba picha za Kyebando ni maigizo, hata bibi alikodiwa. Hakuna aliyenikodi. Nilijitolea bure. Malori hayajasimama, leo asubuhi nimeyahesabu sita kabla ya chai.

Sanyu alikuja Kyebando kumwomba radhi Mama Esperansi. Nami nikatoka, nikapiga magoti mbele ya mwanamke ambaye ningeweza kumzaa, kwenye uwanja, majirani wanatazama. Ni mara ya kwanza kumpigia mtu magoti tangu baba yangu afe.

Akasema, "Simama, mama. Magoti yako inauma."

Hakusema amenisamehe. Nimengoja neno hilo mpaka nimeelewa kwamba si haki yangu kulingoja. Alimshika Sanyu mkono, wakaingia ndani, akafunga mlango. Sikualikwa.

Nikakaa upande wangu wa ukuta. Kamera sikuisikia, nilisikia maneno tu, saa nzima, saa mbili. Nikasikia kwamba mumewe alikuwa fundi mwashi kwao, alijenga kanisa na shule. Nikasikia kwamba yale matofali aliyaokota kwenye nyumba iliyobomolewa ng'ambo ya mfereji, akayabeba mawili mawili. Nikasikia kwamba mtoto mdogo haogopi maji, anaogopa kulala juu, na mama yake humfunga na kanga kiunoni wakilala ili asianguke. Miaka minne ukuta mmoja, na nilidhani habari zake ninazijua hadi kuzisema kama zangu. Sikuwahi hata kumuuliza mume alikuwa anafanya kazi gani.

Picha mpya ipo sasa, ya mwenye kitanda. Haina tuzo. Sanyu anasema huenda wakubwa wasiitazame tena, kwa sababu ya ile ya kwanza. Hilo nitakwenda nalo kaburini.

Ninyi mnaosoma, hasa ninyi kina mama wazee wenzangu tunaojiona ndio wasemaji wa mtaa, nisikilizeni. Akija mtu na kamera, au na kalamu, au na swali tu, na jambo lenyewe si lako, mwambie kwamba mwenyewe ametoka, akae amngoje. Mpe kiti. Hata kama atarudi jioni. Hata kama ni mgeni, na lugha yake ni ya kuungaunga, na wewe unaweza kulisimulia vizuri kuliko yeye. Hasa kama unaweza kulisimulia vizuri kuliko yeye.