Nilimwambia Dada Yangu Dhahabu Nimeipima

Naombeni msinitafute jina. Nimekosa, na kosa langu ni neno moja tu nililomwambia dada yangu nyumbani kwake Nyakabanda, akiwa anachambua maharagwe.

Nilifanya kazi maabara ya hospitali hapa Kigali hadi nikastaafu. Maisha yangu yote nilipima: damu, mkojo, makohozi. Hata daktari akiwa na haraka, nilimwambia asubiri majibu. Mtu kama mimi ndiye aliyeibiwa mchana kweupe.

Aliyenisaliti nitamwita Vedasto. Tulikulia pamoja Bujumbura, tukarudi Rwanda pamoja, na siku ya harusi ya binti yangu alinipa ng'ombe mbele ya watu wote. Kwetu, mtu akikupa ng'ombe, hamko marafiki tu tena. Unaapa kwa jina lake. Kumshuku ni kujitia aibu mwenyewe.

Mafao yangu yalipotoka, akaja na vipande viwili vya dhahabu ndani ya soksi ya mtoto, kila kimoja kama sabuni ndogo ya gesti.

"Pesa ya benki inalala tu, inapungua," akaniambia. "Hii iko kitu unashika. Haiozi."

Nikamwambia kwa upole tuvipitishe kwanza kwa sonara. Akanitazama kama nimemtukana mama yake.

"Weye? Mimi nilikupa ng'ombe, halafu unipime?"

Nikaona haya. Nikanunua kimoja.

Cha pili kikabaki, naye akanikumbusha dada yangu, mjane, mwalimu mstaafu. Dada alikuwa ameweka mafao yake amalizie nyumba yake Kinyinya. Kuta zilishafika juu, bado mabati. Nikaenda mwenyewe kumshawishi: ashike dhahabu mwaka mmoja, bei ipande, ataezeka na kubaki na akiba ya uzee.

Akaacha maharagwe. "Kaka, umeipima?"

Nikisema hapana, nitaonekana mjinga, mtu wa maabara aliyenunua kitu kwa macho. Nikasema, "Nimeipima."

Hakuuliza tena. Kesho yake akaenda kutoa pesa.

Mwaka ulipoisha tukatembea wawili hadi Biryogo, kwa sonara mmoja nyuma ya msikiti. Akachukua tupa, akakwaruza kona ya kipande cha dada, akadondosha dawa yake. Pakatoka povu la kijani. Cha kwangu, vilevile.

"Poleni, wazee wangu. Hii iko shaba, juu ndiyo wamepaka dhahabu. Nani aliwapimia?"

Jamani, nilitamani sakafu inimeze. Lakini dada alinitangulia.

"Kaka yangu alipima, na iko mtu wa maabara. Na yeye walimchezea."

Alinitetea!

Vedasto hapatikani kwenye simu, na nyumbani kwake anakaa mtu mwingine. Polisi nimeripoti. Kinachoniuma zaidi ni yule ng'ombe. Mpwa wangu anamfuga kijijini, amezaa mara mbili, maziwa naletewa, na kila nikinywa najiuliza kama siku ile ya harusi Vedasto alikuwa ananipa zawadi au ananinunua. Nimemchukia kuliko nilivyowahi kumchukia mtu.

Dada bado anapanga chumba Nyakabanda. Kuta zake Kinyinya zinanyeshewa na zimeanza kumomonyoka. Kila Jumapili akitoka misa ananipitia na bakuli la chakula, kwa sababu siku hizi sina hamu ya kupika, na ananipa pole mimi.

"Usijilaumu, kaka. Tulisalitiwa sote."

Ninyi mnaosubiri mafao yenu, aliyekupa ng'ombe mshukuru, lakini dhahabu yake ipeleke kwa sonara kwanza. Akinuna, mwache anune. Na ndugu yako akikuuliza kama umepima, na hujapima, mwambie hujapima. Ni aibu ya dakika moja tu.

Nimejiapiza kumwambia dada ukweli, na Jumapili nne zimepita. Hii ijayo atakuja tena na bakuli lake, atasema tulisalitiwa sote, na naogopa kwamba nitaitikia.