Emil Vavra Ainua Kidole Bungeni

Lavonne Vavra alikuwa karani wa mnada wa ng'ombe huko jimbo la Nebraska, Marekani, tangu hajaolewa. Pale wanunuzi hawapigi kelele. Mtu hukaa kimya kama hana haja na kitu, akiinua kidole kimoja gotini amekubali, na Lavonne hakukosa kidole hata cha aliyejibanza nyuma ya nguzo. Mumewe Emil mwenyewe alimchumbia kwa kidole, au ndivyo anavyopenda kusimulia.

Kisha Emil akapasuliwa nyonga. Bili ikaja na mstari mmoja tu: huduma mbalimbali. Lavonne akapiga simu kuuliza ni huduma gani, akaambiwa alipe kwanza. Wakauza mitamba yao yote. Mkahawani Emil aliwaambia wenzake amechoka kufuga. Uongo mtupu, lakini kwa watu wale heri uongo kuliko kukiri kwamba bili imekushinda.

Ndipo ukaletwa katika bunge la jimbo, mjini Lincoln, muswada wa kuzibana hospitali zimpe mgonjwa mchanganuo wa bili, kwa maneno ya kawaida, kabla ya kumdai. Jimboni humo kila muswada husikilizwa hadharani, na raia yeyote ana haki ya kusema. Lavonne akavaa viatu vyake vya kanisani.

"Kaseme," Emil alimwambia njiani, "ila jina langu usilitaje."

"Nimeshakuahidi, mzee. Nile kiapo?"

"Wewe ukipanda mori hushikiki."

"Na ulinioa hivyohivyo."

Kamati ilimsikiliza vizuri akieleza habari za mgonjwa mmoja na bili yake, mpaka seneta mmoja akajiegemeza kitini. "Mama, hospitali zinasema hakuna anayelalamika. Huyo mgonjwa wako yupo kweli, au ni maneno ya mkahawani?"

"Yupo, Mheshimiwa. Ila nimeahidi kutomtaja."

"Sasa tutakuaminije?"

Lavonne akitaja jina, amemwaibisha mumewe. Asipotaja, muswada utafia pale, na wengine watauza mifugo yao kama wao. Ilimuuma sana. Akageuka kumtazama Emil, safu ya nyuma kabisa.

Emil alikuwa ameinua kidole kimoja gotini. Ukumbi mzima hakuna aliyekiona ila Lavonne, na fahari iliyomjaa kifuani nusura imtoe machozi.

"Mheshimiwa, mgonjwa ni mume wangu, Emil Vavra. Tuliuza mitamba yetu yote kulipia kitu ambacho mpaka leo hatujaambiwa ni nini."

Muswada ulipita, kamatini na baadaye bungeni. Lakini ukimkuta Lavonne leo hatakusimulia habari za kura. Atakusimulia jinsi mumewe alivyosimama mbele ya waheshimiwa wale, huku ameshika kiti kwa maumivu ya nyonga, akasema, "Ni mimi. Ulizeni mnachotaka."