Mpangaji wa Koti

Koti la mlinzi wa msitu lina mpangaji. Siku moja alipolitundika tawini, kiwavi alijipenyeza kwenye mkono wa koti akajifumia kifukofuko, na tangu hapo mwenye koti huzunguka mvuani na shati tupu, kifua kikikoroma. “Baba watoto, utakufa kwa ajili ya mdudu,” mkewe humsuta. Yeye hulitegea koti sikio, kisha hulirudisha msumarini ukutani polepole, kana kwamba ni mtoto aliyelala.

Leo kiwavi katoka akiwa nondo, kipepeo wa usiku, ameng’ang’ania ukosi, mbawa zimejikunja, rangi ya gome, kila moja na doa kama jicho.

“Hana hata mdomo,” mlinzi ananong’ona. “Hali kitu. Akitaga mayai, safari imekwisha.”

“Basi ndiye mgeni wa kwanza asiyeiteta chai yangu,” mkewe anajibu.

Nje mvua inaanza. Kwa mazoea, mlinzi ananyoosha mkono kwenye koti. Mkewe anamshika kiwiko.

“Ngoja mbawa zikauke,” anasema, akimvika shali yake mwenyewe.