Bahari Niliiweka Uani

Nyumba ya kwetu Mkunya inatazama njia, ili mgeni aonekane kabla hajapiga hodi. Nyuma ni uani, mahali pa jiko, choo na tangi la maji ya mvua. Sisi wa juu ya Newala hulijenga tangi kabla ya kupaka chokaa ukutani, kwa kuwa chemchemi iko bondeni na kilima cha kupanda nacho kinachosha. Sikuwahi kufikiri kwamba nyumba inaweza kupangwa vingine.

Ndiyo maana nilipostaafu ualimu, tukavuka Ruvuma mimi na mke wangu kwenda kujenga hoteli ndogo ufukweni Msumbiji, bahari niliiweka uani.

Leo nalisema hili nikicheka. Wakati ule hatukucheka. Kiwanja tulipewa na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, aliyehamia huko tangu ujana. Tuliuza mikorosho yetu ya Makote, tukaombewa kanisani Masasi, tukapanda basi na masanduku mawili na kitabu cha sala. Tukajenga vyumba vinne. Milango na madirisha yote yakatazama barabara ya mchanga. Upande wa pili ulikuwa ukuta mtupu, kisha tangi la zege, nusu ardhini na nusu juu, mfuniko wake ukinipita kimo. Nyuma ya tangi ndiyo bahari.

Fundi wetu, mtu wa pwani ile ile, aliuliza mara moja tu.

"Mwalimu, shikamoo. Na bahari je?"

"Marahaba. Bahari imefanya nini?"

"Haijafanya kitu. Naona umeipa mgongo."

"Wageni watakuja kwa barabara," nikamjibu. "Hawatakuja kwa kuogelea."

Alicheka, akaendelea kupanga matofali. Nami nilijiona nimemfundisha.

Wageni walikuja. Walilala usiku mmoja, wakashukuru, wakaondoka. Mfanyabiashara wa vitenge kutoka Mtwara alifika na mkewe, wakasema watakaa wiki. Mama yule alizunguka nyumba, akarudi barazani, akaniuliza kwa adabu kubwa, "Baba, samahani, bahari tunayoisikia iko wapi?" Nikampeleka kwa kupitia jikoni, kando ya choo, tukazunguka tangi. Kesho yake waliondoka.

Kila alfajiri mimi na mke wangu tulisali, nami nilimwomba Mungu atuletee wageni. Ilinichukua miezi kuelewa kwamba Yeye alikuwa anawaleta, na mimi ndiye niliyekuwa nawafukuza. Nilisoma dini tangu utoto, nikafundisha wengine unyenyekevu kwa chaki ubaoni, na sikuweza kumsikia fundi aliyeniuliza kwa upole kuhusu ukuta wangu.

Tukawekeana ahadi. Mpaka Pasaka, kama hakuna mgeni aliyekaa zaidi ya usiku mmoja, tutarudi Mkunya. Tulijua maana yake. Nyumba ilikuwepo, ila shamba la kulima uzeeni halikuwepo tena.

Nilimwita fundi, nikamwomba radhi, akatoboa milango minne upande wa bahari. Mgeni akifungua mlango sasa aliona tangi.

Shemeji yangu alikuja na nyundo kubwa begani. "Livunje," akasema. "Hapa mabomba ya mji yapo. Ninyi Wamakonde wa Newala mmeiona bahari mkadhani ni bonde la kuchotea maji!"

"Na wewe ulizaliwa wapi?" mke wangu akamuuliza kutoka jikoni.

"Mimi nilitoka huko zamani."

"Unasema hivyo kwa sababu hukuwa unachota. Wanaume mlikuwa mnakunywa tu. Basi vunja, kaka yangu. Ukilivunja, usiku huu huu nafunga sanduku langu, wala sisubiri Pasaka."

Shemeji aliishusha nyundo, akanitazama mimi, kana kwamba neno la mwisho ni langu. Sikulisema siku ile. Nilimwambia aiache nyundo kwangu, nisali kwanza.

Nilipokuwa nasali nilikumbuka jambo ambalo shemeji hakulijua. Uchungu wa mtoto wetu wa kwanza ulimshika mke wangu kwenye kilima cha Mkunya, akipanda na ndoo kichwani. Mimi nilikuwa darasani. Alifika nyumbani, akaitua ndoo, ndipo akamwita jirani. Hakumwaga maji. Jioni nilipofika nilimkuta mtoto ameoshwa kwa maji yale yale, na siku ile nilimwahidi mke wangu tangi. Nilitimiza baada ya miaka mingi, Mkunya, na mara ya pili hapa. Asubuhi nikamrudishia shemeji nyundo yake.

"Mtakufa njaa na maji yenu," akasema.

"Tutakuwa tumekunywa," mke wangu akamjibu.

Kwaresima ilikuwa karibu kwisha alipofika muuguzi mstaafu kutoka Nampula, mwanamke wa umri wetu, mwenye miguu iliyovimba. Alifungua mlango wa bahari, akaliona tangi. Nikajua naye ataondoka kesho. Juu ya mfuniko mke wangu alikuwa ameanika makopa, amekaa katikati anamenya mihogo mingine, kama wanawake wote wa kwetu wafanyavyo, maana zege hushika joto na kuku hawafiki.

"Mama, huko juu kuna nafasi?" muuguzi akamuuliza kwa Kimakua.

"Nafasi ipo, ngazi ndiyo mbovu."

Nilimshikia ngazi. Alipanda polepole, akasogeza makopa, akakaa. Kisha akataja kitu ambacho mimi, chini, sikuweza kukiona. "Kumbe yote iko huku." Kutoka pale juu, juu ya vichaka na mitumbwi, bahari yote ilikuwa wazi. Mke wangu aliijua tangu siku ya kwanza. Hakuna aliyemuuliza.

Muuguzi alikaa siku tisa. Asubuhi alimenya mihogo, jioni aliinyoosha miguu yake kwenye zege lenye joto. Akamwita dada yake, naye akaja na mume wake. Fundi akajenga ngazi ya matofali, akaweka ukuta mfupi wa kuegemea, huku akilalamika kwamba hajawahi kujenga baraza juu ya tangi.

Jumapili ya Pasaka, baada ya ibada, mke wangu aliniuliza, "Mwalimu, basi tunarudi?"

Nilipanda ngazi ili nimjibu huko juu, tukiwa tumekaa. Lakini viti vyote tulivyopandisha vilikuwa na wageni. Nilikaa ukingoni, miguu ikining'inia, maji yetu yakiwa chini yangu, nikamshukuru Mungu nikiwa nimeitazama bahari.