Adui Aliyeitwa Baba

Juzi binti yangu alikuwa akitazama tamthilia ya mfalme aliyeunganisha Korea ya kale, nami nikahisi nanusa mvuke wa pasi. Nilipokuwa mtoto, Mama alifanya kazi kwa dobi Mkorea pale Haltom City, na alasiri moja runinga ya dukani ilimwonyesha mfalme huyohuyo akimpokea adui yake mkuu, mzee aliyepinduliwa na mwanawe.

"Anamwita baba," dobi alitutafsiria.

Nilidhani ni baba yake kweli. Sasa nimesoma, najua: heshima ile ilimpa mshirika wa kuushinda ufalme wa mwisho uliosalia, uleule mwana alioupora kwa mzee.

"Na wewe na Bahati mtanuniana mpaka lini?" Mama aliniuliza palepale dukani.

Bahati, mtoto wa jirani, alikuwa amenipasua mdomo. Jioni ile nilimfuata alipoketi ngazini kwetu, nikamwita kaka.

"Kaka yako nani, we chizi?" Alicheka, kisha akasogea nikae.