Pini Katika Wali wa Cheri

Bi Touba wa Shiraz hakuwahi kuiamini mashine ya kutoa kokwa. Bintiye, Mahnaz, aliwahi kumnunulia moja. Akaijaribu, akaisukumia chini ya kabati.

"Hii inakamua cheri kama nguo za kufua," alisema.

Yeye alitumia pini ya nywele, miguu yake miwili imechomekwa kwenye kizibo cha chupa, kichwa kilichopinda kikabaki nje. Unakizamisha palipokuwa na kikonyo, unazungusha kidogo, kokwa inatoka na tunda linabaki zima. Msimu wa cheri chachu ulipofika, majirani walimletea zao kwa mabeseni, naye alizishughulikia zote huku akiwasema kwa uvivu wao.

Siku watu wa Bahram, mchumba wa Mahnaz, walipokuja kula chakula cha mchana, kabla ya kukubaliana siku ya ndoa, akapika wali wa cheri. Wageni walikuwa wameshaanza kula aliporudi jikoni kuchukua maji. Hapo ndipo alipokiona kizibo juu ya meza, kitupu. Pini haipo. Akakung'uta aproni, akapekua bakuli la kokwa, akapapasa sakafu kwa viganja. Kama haikuwa jikoni, ilikuwa ndani ya wali.

Akarudi na jagi. Akisema, ataaibika mbele ya wakwe, na posa huenda ikafa palepale. Asiposema, mtu atameza chuma. Akajidanganya kwamba huenda ilianguka uani, akaketi, akawa anatazama koo za watu. Kila tonge lililomezwa lilimtia hofu.

Mama yake Bahram, Bi Molouk, akasogeza sahani yake kando. "Nimeshiba, dada yangu."

Hakushiba, na kila mtu alijua. Kwa desturi yao, mgeni hukataa ili asihiwe, na mwenyeji husihi mpaka mgeni akubali. Bi Touba hakusihi. Bi Molouk akangoja, akakohoa, akapanga upya mikunjo ya mtandio wake.

"Naona nyumba hii siku hizi haisihi mgeni," akasema. "Au wali umehesabiwa, dada?"

Bahram akainamisha kichwa. Na mdomo wa Bi Touba, uliosihi wageni maisha yake yote, ukajisemea wenyewe: "Nini hicho, dada? Hujala kitu. Kijiko kimoja tu, kwa ajili yangu."

Bi Molouk akatabasamu, akajaza kijiko. Kilipokaribia midomo, Bi Touba akamrukia mkono na wali ukamwagika.

"Usile. Nisamehe, usile. Pini yangu ya cheri imepotea, naogopa imo humu."

Vijiko vikatua.

Mwishoni mwa kitambaa cha chakula kilichotandikwa sakafuni alikuwa Mahnaz, aliyewapakulia wote na kubaki na ukoko. Akainama, akatia vidole mdomoni. Vilitoka na pini, na damu kidogo.

"Ni hii, mama?" akauliza, ulimi mzito. "Nilikuwa nayo shavuni tangu ulipokuwa jikoni. Niliona haya kuitema mbele ya wageni, nikasema nitakuaibisha."

Bi Touba akakinga kiganja. Pini ilikuwa bado na joto la mdomo wa mwanawe.