Binti Wawili wa Dereva

Mteja aliyeleta kitabu saluni alikuwa akicheka. "Shoga, huyu si mdogo wako? Tazama picha ya nyuma. Pua ile ile!"

Kweli, pua ilikuwa ile ile. Msusi akafuta mafuta mikononi, akakipokea. Mdogo wake alikuwa amehamia mbali, simu zake za nadra kama mvua ya kiangazi, na sasa ameandika utoto wao: jinsi mama yao alivyoondoka bila kuaga, na baba yao, dereva wa lori, alivyowapakia mabinti zake wawili nyuma ya kiti akawalea barabarani. Humo walilala, humo waliugua surua, na kusoma walijifunza kwa vibao vya njiani na maandishi ya mifuko ya saruji.

Baba mwenyewe alikuwa chumba cha ndani, macho yameshazima, akitunzwa na huyu msusi. Mtaa mzima bado ulimwita Dereva. Habari ya kitabu ikamfikia kabla nywele za mteja hazijakauka.

"Nisomee," alisema.

"Baba, ni kirefu."

"Kwani nina safari?"

Basi kila saluni ilipopoa, msusi alivuta kigoda kando ya kitanda akasoma. Dereva alicheka mpaka akakohoa aliposikia habari za mbuzi waliyempa lifti akatafuna kofia ya utingo. Mara nyingine alisahihisha: "Hapo si darajani, ni kwenye mlima."

Siku moja msusi akanyamaza katikati ya sura, akafunua kurasa mbili kwa pamoja.

"Umeruka," alisema Dereva.

"Zimegandana, baba."

"Kitabu kipya hakigandani. Soma, mama."

Akasoma. Jinsi baba alivyowafungia ndani ya lori juani, akaingia kilabuni "mara moja tu", asitoke mpaka jua linazama. Jinsi mdogo alivyopiga kioo hadi akaishiwa nguvu, dada yake akimpepea kwa kandambili na kumwimbia kwa sauti iliyokauka. *Hadi leo silali mlango ukiwa umefungwa*, mdogo aliandika.

Dereva akageukia ukutani. "Nilijiambia mlikuwa mmelala," alisema. "Na wewe hukuwahi kuniuliza."

"Ungenijibu nini?"

Dereva akaomba simu ya kumpigia mdogo. Iliita ikakatika, ya pili ikapokelewa.

"Kitabu chako nimekisikia," Dereva alisema. "Ile siku ya lori. Ni kweli, mwanangu. Yote."

Sauti ya mdogo ikaja nyembamba: "Unakula vizuri, baba?"

"Nakula. Dada yako ananipikia."

"Haya, baba. Niko kazini."

Dereva alifariki kabla hawajamaliza kitabu. Mdogo akaja, akachelewa maziko. Jioni wakawa jikoni wawili, wakiwapikia waombolezaji.

"Dada," mdogo aliuliza, "kitabu kilikuudhi?"

Msusi aliendelea kumenya vitunguu. "Umeandika nilikuimbia, wala sikulia."

"Hukulia."

"Nililia. Ulikuwa umezimia, hukuniona. Nilidhani umekufa."

Mdogo akaweka mwiko chini. Akasogea, akachukua kisu kutoka mkononi mwa dada yake, akaendelea na vitunguu yeye, huku msusi akikaa kwenye gunia la mkaa na kulilia, kwa mara ya kwanza mbele ya mtu, ile siku ya juani.